Zamu ya dharura katika shirika la umeme: soma volti kabla ya kupanda nguzo

Kijana anayeingia shirika la umeme akitokea vyuo vya ufundi kama VETA au DIT kwa kawaida anajua kuvuta waya ndani ya nyumba, anasoma mchoro, na pengine ana cheti cha kutosha kuombea leseni EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati. Vyote hivyo vinasaidia, ila zamu ya dharura inadai kitu kingine. Simu inaingia saa mbili usiku, mtu anasema "huku kwetu hakuna umeme", na kwa maneno hayo tu inabidi uamue gari liende wapi, libebe nini na nani apande. Asiyejua kuamua hupanda nguzo tano akitafuta kitu ambacho multimita ingemwonyesha akiwa chini.

Maelezo haya ni ya mtandao wa usambazaji wa Tanzania: kilovolti 33 au 11 kutoka kituo cha kupoza umeme, transfoma juu ya nguzo, kisha volti 400 kati ya fezi na fezi (nyaya zenye umeme) na 230 kati ya fezi na nyutro (waya wa kurudishia). Kwenye barua za ofisini transfoma huitwa mashineumba. Kwenye nguzo hutasikia mtu akilisema. Aliyeko Kenya aweke 240 na 415 mahali pa 230 na 400, mengine ni yale yale.

Simu

Usipokee simu kwa kuandika jina la mtaa na kukata. Uliza: "Mama, majirani nao hawana umeme?" Akisema wanao, tatizo liko kwenye waya unaoingia kwake, mita yake au ndani mwake. Akisema nyumba moja ina umeme na ya pili haina, ya tatu inao, hapo fezi moja imepotea. Akisema mtaa mzima giza, uliza kama walisikia mlipuko, na kama taa za mtaa wa jirani zinaonekana.

Swali linalosahaulika ni hili: "Taa zinawaka kwa namna gani?" Mteja akijibu kwamba taa nyingine zinawaka kali kupita kawaida na nyingine zimefifia, acha kila kitu. Mwambie azime swichi kuu sasa hivi, awaambie na majirani, asiiwashe mpaka mfike. Hiyo ni dalili ya nyutro iliyokatika, na kila dakika inayopita inaunguza friji na televisheni za watu.

Akisema mita haipokei tokeni, usipeleke gari kwanza. Muulize aliingiza tarakimu ngapi. Mita za LUKU ambazo hazikuhuishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024 hukataa tokeni mpya ya tarakimu 20 mpaka ziingizwe kwanza zile tokeni mbili za tarakimu 20 zinazoitangulia, kwa mpangilio zilivyotumwa. Wengi huruka mbili za kwanza wakikimbilia ile ya umeme.

Andika namba ya mita (11), namba ya nguzo kama ipo, na alama inayojulikana: msikiti, duka la dawa, mashine ya kusaga. "Karibu na stendi" haimfikishi mtu usiku.

Kabla gari halijatoka

Glavu za mpira zisizopimwa ni mapambo tu. Daraja 0 ni za msongo mdogo, mpaka volti 1,000. Kwa kilovolti 11 unahitaji daraja 2, na kwa 33 daraja 4. Zile za msongo wa kati hupelekwa kupimwa kwa umeme kila miezi 6. Tarehe imepigwa muhuri karibu na kifundo. Juu ya hilo, kila zamu kunja mdomo wa glavu ukielekea vidoleni mpaka hewa ivimbe ndani, uisogeze sikioni usikilize. Tundu la ncha ya sindano linatosha kuitupa. Juu yake vaa glavu za ngozi, kwa sababu ncha za waya wa alumini hutoboa mpira bila wewe kuhisi.

Pakia fimbo ya kuendeshea fyuzi za juu ikiwa kavu na imefutwa vumbi, kipimio cha msongo wa kati, multimita, klampu mita ya kupimia ampea, mega ya kupimia kama koili zinavuja umeme, seti mbili za nyaya za kutuliza laini, yaani kuiunga na ardhi, fyuzi za saizi zote za eneo lenu, konekta za alumini na shaba, mkanda, kofia ngumu na tochi ya kichwani. Seti mbili za kutuliza, si moja. Sababu yake itaonekana.

Vipimo vinavyokuambia mahali

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukifika kwenye transfoma, simama chini, pima upande wa msongo mdogo kwenye boksi la fyuzi au kwa mteja wa kwanza mwenye fezi tatu. Pima mara sita: kila fezi na nyutro, kisha kila fezi na mwenzake. Watu wavivu hupima mara tatu, halafu wanabahatisha.

Ukipata fezi moja sifuri na mbili zina 230, fyuzi ya msongo mdogo imeungua au jampa, kipande cha waya cha kuungia, imeachia. Angalia jambo moja: kama kuna mashine ya kusaga inayoendelea kuzunguka kwa fezi mbili zilizobaki, mota yake hurudisha volti kwenye ile fezi iliyokufa, na multimita itakuonyesha 150 au zaidi mahali ambapo hakuna kitu. Mwambie mwenye mashine azime, upime tena. Atakushukuru baadaye, maana mota ikizunguka kwa fezi mbili hunguruma, hupata moto na kuungua.

Ukipata fezi moja ina 230 na mbili zina karibu 115, usihangaike na msongo mdogo. Fyuzi moja ya juu, ya dropauti (kishikio ambacho mrija wake hudondoka uzi ukikatika), imekatika, au jampa moja ya msongo wa kati imetoka. Transfoma zetu nyingi zimeungwa delta juu (kila koili kati ya fezi na fezi) na nyota chini (kila koili kati ya fezi na nyutro). Fezi moja ya juu ikipotea, koili mbili hubaki zimepangana mfululizo zikigawana volti ya koili moja. Mgawanyo hauwi sawasawa kila mara, inategemea mzigo: unaweza kukuta 90 na 140. Zijumlishe, zitakaribia 230. Uthibitisho ni kupima kati ya hizo mbili dhaifu: kukiwa na mgawanyo sawa utapata karibu sifuri. Pima kila moja na ile nzima, utapata karibu 345. Ukiona namba hizo, weka ngazi upande wa dropauti.

Ukipata 300, 120 na 300 kati ya fezi na nyutro, huku fezi kwa fezi ni 400 kamili, nyutro imekatika. Kinachotokea ni hiki: nyumba ya fezi moja inapasha maji kwa hita ya wati 2,000, nyumba ya fezi nyingine ina balbu ya wati 100 tu. Nyutro ikiwepo kila mmoja anapata 230 zake. Ikikatika, hita na balbu zinakuwa zimepangana mfululizo kwenye volti 400. Hita ina omu 26 hivi, balbu 529. Balbu inabeba karibu volti 380, hita inabakiwa na 20. Kwa hiyo anayeunguliwa ni mwenye matumizi madogo, yule ambaye hakuwa na kosa lolote.

Kuitafuta nyutro usitembee nguzo kwa nguzo. Pima kwenye transfoma. Volti zikiwa sawa pale lakini zimepindana kwa mteja wa mwisho, nenda nguzo ya katikati ya hizo mbili. Ziko sawa? Nenda mbele, katikati ya kipande kilichobaki. Zimepindana? Rudi nyuma. Laini ya nguzo 16 inaisha kwa vipimo vinne. Mara nyingi utamkuta mkosaji kwenye kiungo: alumini imefungwa na shaba moja kwa moja bila konekta yake, chumvi ikaingia, kiungo kikaliwa. Pwani, kuanzia Tanga mpaka Mtwara, kosa hilo huonekana mapema kuliko Dodoma kwa sababu ya hewa ya chumvi.

Katika kurekebisha, ondoa kwanza fyuzi za fezi zote tatu, kisha ndipo ushike nyutro. Usifungue nyutro ya laini yenye mzigo hata kama unaambiwa "nyutro haina umeme". Ukishaitenganisha, upande wa wateja unakuwa na volti kupitia vyombo vyao.

Kuzima transfoma

Mpangilio huu haubadilishwi kwa sababu ya mvua wala kwa sababu ya diwani aliyesimama chini.

1. Toa fyuzi za msongo mdogo moja moja. Dropauti haikutengenezwa kukata mzigo. Ukiifungua transfoma ikiwa imebeba mtaa mzima, cheche inaweza kuruka fezi kwa fezi.
2. Fungua dropauti kwa fimbo: ya katikati kwanza, kisha ya upande upepo unakokwenda, mwisho ya upande upepo unakotoka. Hivyo cheche ikitokea inapeperushwa mbali na fezi yenye umeme.
3. Ondoa mirija ya fyuzi kabisa, ishushe, iweke ndani ya gari, gari lifungwe. Mrija ulioachwa ukining'inia hurudishwa na mtu mwenye haraka.
4. Pima kama pamekufa. Kipimio kijaribiwe kwanza mahali penye umeme, kisha kwenye laini, kisha kirudishwe penye umeme tena. Betri hufa katikati ya kazi.
5. Tuliza: funga mguu wa ardhini kwanza, halafu nyaya. Kutoa ni kinyume chake. Tuliza upande wa juu na upande wa chini.

Hapo ndipo seti mbili zinapotumika. Umeme ukikatika, baa ya jirani inawasha jenereta. Kama fundi wao, mara nyingi kishoka asiye na leseni, hakuweka swichi ya kubadilishia, jenereta inasukuma volti 230 kwenye laini ya mtaa. Transfoma haijui mbele wala nyuma: ikipokea 230 kwa chini, inatoa maelfu ya volti juu. Fundi aliyeshika kikombe (kizuizi cha umeme cha kauri) cha kilovolti 11 baada ya kufungua dropauti zote anaweza kuuawa na jenereta ya mtu asiyemwona. Sola zenye inveta iliyofungwa ovyo hufanya vilevile.

Na kumbuka kwamba baada ya kufungua dropauti, midomo yake ya juu bado ina umeme kamili wa laini. Kama kazi yako inakulazimu kufika karibu nayo, kufungua transfoma hakutoshi. Omba laini yote izimwe kwa kibali cha maandishi. Kibali hakirudishwi kwa makubaliano ya saa. "Mrudishe saa kumi, tutakuwa tumemaliza" ni maneno ambayo mwongoza mitambo wa kituo asiyakubali na wewe usiyaseme. Umeme unarudi pale tu aliyesaini anapopiga simu mwenyewe kusema watu wote wameshuka, wamehesabiwa, na nyaya za kutuliza zimetolewa.

Fyuzi ya juu imekatika: usikimbilie kuweka nyingine

Itazame kwanza. Uzi ulioyeyuka bila fujo na mrija msafi mara nyingi ni mzigo uliozidi. Mrija uliochafuka kwa masizi na uzi uliopotea kabisa ni shoti. Angalia chini ya nguzo: popo, nyoka au kunguru aliyeungua ameshakupa jibu. Angalia transfoma: mafuta yanayotiririka, tangi lililovimba, kikombe kilichopasuka, alama nyeusi ya radi. Kama kioo cha mafuta ni kitupu na bomba la kutolea limelegezwa, mafuta yameibwa, na transfoma hiyo hairudishwi kazini usiku huo.

Bila dalili yoyote, weka fyuzi mpya mara moja. Ikikatika papo hapo, basi. Fyuzi ya pili haitakuambia kitu ambacho ya kwanza haikusema, na ya tatu inaweza kupasua tangi. Chukua mega. Upande wa juu na ardhi pima kwa volti 5,000 kwa dakika moja. Transfoma nzima ya kilovolti 11 hutoa mamia ya megaomu au zaidi, iliyoungua husoma sifuri au karibu yake. Upande wa chini tumia volti 500 au 1,000, na hapa kuna mtego: nyutro ya transfoma imeungwa ardhini. Usipoifungua, mega itasoma sifuri na utatangaza kuwa transfoma isiyo na kasoro imekufa. Fungua pia nyaya za laini, la sivyo utakuwa unapima friji za wateja. Ukimaliza, gusisha koili na ardhi kabla ya kuishika, maana inabaki na chaji.

Saizi ya fyuzi inatokana na hesabu, halafu jedwali la shirika. Transfoma ya kVA 100 kwa kilovolti 11 hubeba ampea 5.2 juu na 144 chini. Ya kVA 200 ni 10.5 na 289. Ya kVA 315 ni 16.5 na 455. Kwa kilovolti 33 gawanya zile za juu kwa tatu. Fyuzi ya juu huwekwa kubwa kidogo kuliko namba hizo kwa sababu transfoma ikiwashwa huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi mno. "Kubwa kidogo" haina maana ya waya wa shaba uliosokotwa. Waya huo ndio unaobadili kazi ya fyuzi moja kuwa kazi ya transfoma mpya.

Kurudisha: dropauti ya upande upepo unakotoka kwanza, kisha ya upande wa pili, ya katikati mwisho. Vaa miwani, geuza uso, piga kwa mkono mmoja wenye nguvu mpaka ifunge. Anayeigusisha taratibu akijaribu kuona kama inashika huchora cheche. Halafu rudisha fyuzi za chini moja moja, ukiacha dakika chache kati yake. Baada ya giza la saa tatu friji zote za mtaa zinaanza pamoja, na mzigo wa mwanzo unazidi wa kawaida. Pima kila fezi kwa klampu. Ukikuta 210, 60 na 85 kwenye transfoma ya kVA 100, umeijua sababu: wateja wamerundikwa fezi moja. Kati ya saa moja jioni na saa nne usiku fyuzi ile itaungua tena, leo au kesho, mpaka nyumba kadhaa zihamishwe.

Waya ulio chini

Waya wa msongo wa kati ukidondoka kwenye mchanga mkavu au lami, mkondo unaoingia ardhini unaweza kuwa mdogo mno kwa kinga ya kituo kuuona, na waya unabaki na umeme ukiwa kimya kabisa. Kwenye laini yenye rikloza, hata kama umekufa, unaweza kufufuka baada ya sekunde chache, kwa kuwa kifaa hicho kimetengenezwa kujaribu tena. Wafukuze watu mita 10 au zaidi. Aliye karibu tayari atoke kwa kuburuta nyayo zikiwa zimegusana, asipige hatua, maana miguu miwili iliyotanuka inasimama kwenye volti mbili tofauti. Usitumie fito, wala tawi, wala viatu vya mpira kama kisingizio. Piga simu laini izimwe, thibitisha, tuliza, ndipo ushike.

Nguzo nayo ipime kabla ya kuipanda. Mti wa mita 9 huzikwa mita 1.5, wa mita 12 mita 1.8 hivi. Igonge kwa nyundo kuanzia chini mpaka usawa wa kichwa: sauti kavu ni nzima, sauti ya ngoma imeoza. Chimba sentimeta 30 kando yake uchome kwa bisibisi, kwa sababu mchwa na unyevu huanzia hapo, wakati juu bado nguzo ni nzuri kama ilivyotoka Mufindi. Nguzo yenye shaka inashikiliwa kwa kamba au kreni kabla ya mtu kuikwea na kabla ya kukata waya. Mara nyingine waya ndio ulioisimamisha.

Jitayarishe zaidi kwa rasharasha ya kwanza ya vuli kuliko kwa masika yenyewe. Vumbi na chumvi ya miezi ya kiangazi kwenye vikombe vikiloa kidogo hupitisha umeme, na laini hukatika moja baada ya nyingine. Mvua kubwa huviosha.

Wateja na daftari

Usitaje saa ya kurudi kwa umeme kabla hujajua hitilafu, sema unachokijua: "Tumeona fyuzi ya juu imekatika, tunapima transfoma." Usipokee hata elfu tano ya soda. Malipo yote ya shirika yanapita kwenye namba ya malipo, na anayedai pesa mkononi, awe na sare au asiwe nayo, anafanya kazi ya kishoka.

Daftari la zamu lijazwe kabla ya makabidhiano, si kesho yake. "Umeme umerudi" haimsaidii anayekuja. Andika namba ya transfoma, vipimo sita vya volti kabla na baada, ampea za kila fezi na saa ulipozipima, fyuzi iliyotoka na iliyoingia kwa saizi zake, hali ya mafuta, na kitu chochote ulichokiacha nusu: jampa iliyofungwa kwa muda, nguzo yenye sauti ya ngoma, mteja mwenye jenereta bila swichi ya kubadilishia. Hili la mwisho liandikwe na namba ya mita yake, liende kwa mkaguzi asubuhi, na umkabidhi mwenzako kwa mdomo pia, kabla hujampa funguo za gari.